MJADALA: Asali ya Tabora iingie wodini kutibu majeraha ya moto?

Mtoa mada, Tabora mjini

Mwangaluka wadau. Hoja hii imezunguka kwenye makundi yetu tangu ndugu mmoja aandike kwamba mkoa unaojulikana nchi nzima kwa asali hauna sababu ya kusubiri dawa za vidonda kutoka nje, na kwamba sisi watu wa hospitali tunaikataa asali kwa dharau tu. Mwingine akamjibu kwamba asali ni chakula, aliyeungua apelekwe hospitali, mjadala umekwisha. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni kufunga vidonda, na wote wawili siwaungi mkono.

Tuanze na asali yenyewe. Iliyoiva vizuri ina maji chini ya asilimia 20, kwa hiyo sukari yake huvuta maji kutoka kwa bakteria mpaka wanashindwa kuzaliana. Ina tindikali. Tena nyuki huweka ndani yake kimeng'enya ambacho kikikutana na majimaji ya kidonda hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Ni dawa ile ile tunayoijua ya chupa ya kusafishia vidonda, ila kwa kiwango kidogo mno kisichounguza nyama changa.

Kuna na jambo ambalo mfunga vidonda haambiwi na kitabu. Gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda, ikikaukia kwenye jeraha hushika. Mtoto kamwagikiwa uji mkononi, siku ya kubadilisha unalowesha, unasubiri, unavuta polepole, na bado gozi inatoka na ile ngozi nyembamba ya waridi iliyokuwa imeanza kuota. Damu inachuruzika upya, mtoto anapiga kelele mpaka koridoni, mama anageukia ukutani. Dresingi yenye unyevu, ya asali ikiwemo, haifanyi ukatili huo.

Sasa utafiti. Mwaka 2015 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, walitoa mapitio ya majaribio 26 ya asali kwenye vidonda, yenye washiriki zaidi ya 3,000. Kwa majeraha ya moto ambayo hayakupita unene wote wa ngozi, asali iliponya mapema kwa siku 4 hadi 5 kuliko dresingi za kawaida. Vidonda vya upasuaji vilivyoingia usaha navyo vilipona mapema kuliko kwa dawa ya kuua vijidudu na gozi. Wapenzi wa asali husoma mpaka hapo, wakasambaza.

Endeleeni kusoma. Kwa vidonda vya miguu vinavyotokana na vena mbovu, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, faida haikuonekana. Kwa vidonda vya kisukari ushahidi haukutosha. Na pale asali ilipolinganishwa na upasuaji wa mapema, yaani kuondoa ngozi iliyokufa na kupandikiza nyingine, waliopakwa asali walichelewa kupona kwa karibu wiki mbili.

Hilo la mwisho ndilo limenifanya niandike. Aliyeungua juu juu akapakwa asali nyumbani, labda na manyoya ya sungura kama wengi wetu tulivyofundishwa, anapona na sisi hatumwoni. Tunayemwona ni yule aliyeangukia kwenye moto, mkono ukaungua mpaka chini, ngozi ikawa nyeupe na ngumu. Halii, kwa sababu neva za pale zimeungua pia, na nyumbani wanasema asali imetuliza maumivu. Analetwa vidole vimeshajikunja kwenye kiganja. Hapo inahitajika kukata kovu, kupandikiza ngozi ya paja, na mazoezi ya miezi mingi ambayo familia ya kijijini haiwezi kuyafuata kirahisi.

Msimamo wangu: asali yetu iingie wodini, kwa majeraha ya kina cha kati, yale yasiyopita unene wote wa ngozi, ikiwa imesafishwa kitaalamu na kufanyiwa majaribio hapa hapa. Ile ya dumu la barabarani isiingie.

Mfugaji nyuki, Sikonge

Binti yangu, nimekusoma. Hilo neno "imesafishwa" ndilo linanikera. Asali yangu inatoka msitu wa miyombo, mizinga iko juu ya miti mbali na mashamba. Baba yangu aliipaka, babu yangu aliipaka. Leo mnataka ikapitishwe kiwandani halafu irudi kwetu kwenye kijitubu cha bei ya kutisha. New Zealand wanauza asali yao ya manuka kama dawa ya vidonda, na Marekani waliiruhusu mwaka 2007. Nyuki wao wametuzidi nini?

Mtoa mada

Shikamoo mzee wangu. Nyuki wao hawajatuzidi chochote. Asali ya manuka ina kemikali moja, methilglioksali, inayoua bakteria hata bila ile peroksaidi, na inatokana na maua ya mti wao. Walipoijua waliipima, wakaiweka viwango, ndiyo maana daktari wa mbali anaiamini bila kumjua mfugaji.

Kuhusu kusafisha, asali mbichi hata ikiwa safi machoni inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopooza misuli. Ndiyo sababu mtoto wa chini ya mwaka mmoja halambishwi asali. Kuichemsha si suluhisho, maana moto wa kuua mbegu hizo unaua pia kimeng'enya tunachokihitaji. Asali ya hospitali hupigwa mionzi ya gama, mbegu zinakufa na nguvu ya asali inabaki. Na wewe mzee unajua vizuri kuliko mimi kinachofanyika sokoni, asali inavyochemshwa ili imiminike, nyingine kuongezwa sukari. Siwezi kuiweka kwenye jeraha la mtoto wa mtu.

Mzazi, Urambo

Dada, maneno yako mazuri lakini umeyaandika kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa "dawa imeisha, kanunue nje". Mimi niliambiwa hivyo mwanangu akiwa na jeraha la chai kifuani. Nikanunua asali, nikampaka, akapona. Majaribio yenu ni ya miaka. Wanaoungua wiki hii wafanyeje?

Tabibu, Kigoma

Niwatie maji kidogo pande zote. Majaribio mengi ya asali kwenye moto yalitoka kwa mtafiti mmoja na hospitali yake India. Matokeo ya chanzo kimoja yanatakiwa kurudiwa na wengine kabla hatujayapigia ngoma. Pili, asali imekuwa ikishindanishwa na ile krimu nyeupe ya silva salfadiazini tunayoipaka kila siku, na mapitio mengine ya Cochrane yaliikuta krimu hiyo ikipitwa na dresingi za kisasa. Kumshinda anayeshindwa na wengine si ushindi wa kutangaza.

Lakini kwa hoja kuu nipo na dada. Angalieni Brazil. Pale Fortaleza walichukua ngozi ya samaki wa jamii ya sato, kitu kilichokuwa kinatupwa, wakaiua vijidudu, wakaijaribu kwa wagonjwa wa moto wakilinganisha na krimu hiyo hiyo, wakaandika matokeo dunia ikasoma. Mimi naishi kando ya ziwa na sijawahi kuona mtu akiwaza ngozi ya samaki hivyo. Nyie mna asali na mmebaki kubishana.

Mtoa mada

Ndugu mzazi, sikulaumu. Jeraha la mwanao, kwa unavyolieleza, lilikuwa la aina ile ambayo asali husaidia, na nafurahi amepona. Kosa liko kwa aliyekuacha uende sokoni bila kukueleza tofauti ya kina. Wa wiki hii wafanye hivi: maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, barafu hapana, dawa ya meno hapana, yai hapana. Funika kwa kitambaa safi. Jeraha likiwa usoni, mkononi, sehemu za siri au kwenye kiungo, au ngozi ikiwa nyeupe au nyeusi isiyosikia, usipake kitu na usisubiri kesho.

Tabibu wa Kigoma umesema kweli, na ndiyo maana nataka majaribio yawe yetu. Tabora kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki, kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kuna Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Nyuki, watafiti na wagonjwa wote wako ndani ya mji mmoja. Sheria ya tiba asili tunayo tangu mwaka 2002. Sielewi kwa nini taasisi hizi haziketi meza moja, na viongozi wetu wanaopenda kuisifu asali kwenye maonyesho waulizwe hilo.

Mzee wa Sikonge, nakuomba jibu moja. Kwa kazi hiyo kila ndoo lazima ijulikane imetoka mzinga gani, msitu gani, msimu gani, maana nguvu ya asali hubadilika kwa maua. Na ndoo itakayokutwa na sumu ya mashambani au sukari itakataliwa. Wafugaji mtakubali?

Mfugaji nyuki, Sikonge

Marahaba. Kuandika mzinga tutakubali, tena wenye mizinga ya mbali na tumbaku tutafurahi, maana sasa hivi asali yetu inachanganywa na ya kila mtu kwa bei moja. Ila bei ya asali ya hospitali ipangwe na sisi tukiwepo, kabla sampuli ya kwanza haijatoka Sikonge.