Mjadala: Banda lisilochanjwa liuziwe pete za chama?

Katibu Mstaafu

Wadau, salaam. Nimekaa kwenye kamati kuu ya chama cha taifa cha wafugaji wa njiwa vipindi viwili, nimetoka, na sasa naweza kusema yale niliyokuwa nayameza vikaoni. Hoja inayokwenda mkutano mkuu ni fupi: mwanachama asiyeonesha kumbukumbu ya chanjo ya mdondo kwa banda lake zima asiuziwe pete za mwaka unaofuata, zile za namba anazovishwa njiwa mguuni. Naiunga mkono. Kabla hamjanirushia mawe, nisikilizeni.

Mdondo wa njiwa, au kideri kama wengine wanavyouita, ni ndugu wa damu wa mdondo wa kuku. Ulijitokeza Mashariki ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaingia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1984 kuku wa Uingereza wakaugua shamba hili na lile, na uchunguzi ukaishia kwenye maghala ya bandari ya Liverpool, ambako njiwa wagonjwa walikuwa wakinyea malighafi ya chakula cha kuku. Hapo tena hakuna aliyewasubiri wafugaji wa njiwa wajadiliane. Chanjo ikawa sharti la sheria kwa njiwa wa mbio na wa maonesho, na Umoja wa Ulaya nao ukaandika sharti la namna hiyo mwaka 1992.

Hofu yangu ni hiyo. Wenye kuku ni wengi kuliko sisi na sauti zao zinafika mbali. Siku wizara itakapoamka na hasira zao, haitauliza nani alichanja na nani hakuchanja, itafunga wote. Chama kina kitu kimoja tu ambacho mfugaji anakitaka kiasi cha kutii, nacho ni pete. Tukitumie.

Mkia wa Tausi

Shikamoo mzee Katibu. Nafuga wa maonesho, si wa mbio, na nadhani umeshika rungu kwa upande usio na kichwa.

Pete anavishwa kinda wa siku saba hivi. Ukichelewa siku chache mguu umenenepa, haipiti. Sindano ya mdondo anachomwa akishatoka kiotani, wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo njiwa anaweza kuwa na pete inayong'aa, namba na mwaka juu yake, na asiwe amewahi kuona sindano maishani. Utakuwa umethibitisha kwamba mama yake alichanjwa mwaka jana. Basi.

Halafu mkiwanyima watu pete hawataacha kufuga. Watafuga bila pete. Watauziana bila pete, na siku njiwa huyo akianguka kwa mtu hakuna wa kupigiwa simu. Leo unamjua asiyechanja kwa jina na namba ya banda. Kesho humjui.

Daktari wa Ndege

Kuhusu umri wa kinda, Mkia wa Tausi yuko sahihi. Niongeze ya upande wangu.

Chanjo ya kuaminika kwa njiwa ni ile ya virusi vilivyouawa, inayochomwa chini ya ngozi nyuma ya shingo, kila mwaka. Kinga inahitaji wiki mbili tatu kujengeka. Anayechanja Alhamisi na kupeleka njiwa mbioni Ijumaa hajakinga kitu, amejaza karatasi tu. Wapo pia wanaoweka chanjo ya kuku kwenye maji ya kunywa kwa sababu ni rahisi. Kwa njiwa kinga yake ni hafifu na haidumu, msiihesabu. Na hata chanjo iliyo sahihi inamkinga njiwa asiugue kuliko inavyomzuia asibebe virusi, ndiyo maana kuchanja wale kumi wa mbio na kuacha wazazi na makinda ni kazi bure.

Lakini linaloniuma si hilo. Ni kuficha. Nimeitwa kwenye banda ambalo njiwa wanakunywa maji kupita kiasi, kinyesi maji matupu, watatu shingo zimejisokota na kila wakidonoa punje wanaikosa, na mwenyewe ananiambia ni upepo wa baridi. Alikuwa anajua. Ugonjwa huu katika nchi nyingi ni wa kutolewa taarifa, na akitoa taarifa msimu wake umekwisha. Wengi wa njiwa hao hupona ukiwalisha kwa mkono, na hapo ndipo mtu hujidanganya, maana aliyeonekana kupona anaweza kuendelea kumwaga virusi kwa wiki kadhaa, tena akiwa kikapuni na wa wenzako.

Hoja ya Katibu inamwadhibu nani? Asiye na karatasi. Anayeficha ugonjwa karatasi anayo.

Banda Dogo

Nina njiwa 14. Chupa ya chanjo inakuja ya dozi 50 au 100, na ikishafunguliwa inapaswa kuisha siku hiyohiyo. Nanunua ya 50, nachoma 14, namwaga 36. Mwenye njiwa 200 hamwagi hata tone. Sasa niambieni, sheria hii imeandikwa na nani?

Tawi letu liliwahi kuomba siku ya chanjo ya pamoja. Jibu la makao makuu lilikuwa fungu halipo. Barua ya kupandisha ada haikukosa fungu la stempu.

Daktari wa Ndege

Ndugu Banda Dogo, chanjo ya pamoja ndiyo dawa yenyewe, ila tafadhali msije mkakusanya njiwa uwanjani mkawapanga foleni. Mtakuwa mmeandaa mbio za magonjwa. Njiwa wabaki kwao, mchanjaji azunguke na chupa kwenye boksi la barafu, sindano mpya kila banda, na asitoke banda moja kuingia jingine na viatu vilevile. Sindano moja ikipita mabanda sita itabeba na ndui ya ndege.

Kikapu cha Ijumaa

Mimi ni wa mbio, miaka mingi napokea vikapu vya njiwa tunaowapakia lorini, wakaachiliwe mbali washindane kurudi kwao. Mnazungumzia banda, na banda halina tatizo. Njiwa wa bandani anaishi na ndugu zake. Tatizo ni kikapu. Usiku mmoja njiwa 25 kutoka mabanda tisa wanakunywa birika moja, wananyeana, wanapumuliana, kesho yake jioni kila mmoja yuko kwao na alichookota. Ukitaka kujua ugonjwa unasafirije, fuata lori letu.

Na si mdondo peke yake. Mwaka 2016 kule Australia Magharibi virusi vya rota viliwaangusha njiwa vikali, wakatapika na kufa ndani ya siku chache, na hakukuwa na chanjo kabisa. Pete ingesaidia nini pale? Kilichosaidia ni kusimama, watu kuacha kukutanisha ndege.

Ila na mimi nina dukuduku. Mafua ya ndege yakitangazwa tunafungwa pamoja na bata na kuku, ilhali njiwa huambukizwa mafua hayo kwa shida sana. Daktari nisahihishe.

Daktari wa Ndege

Ni kweli, kwa shida, si kwamba haiwezekani. Lakini amri inapotoka haifungi njiwa kwa sababu ya unjiwa wake, inafunga mikusanyiko. Ofisa anataka kujua nani alikuwa wapi na nani, na njiwa wako anaruka juu ya mashamba asiyoyajua. Mkimpelekea orodha kamili ya vikapu mna la kusema. Mkimpelekea daftari lenye doa la chai na majina nusu, hamna.

Asiyefuga

Mniwie radhi nijiingize, sifugi. Nilimwokota njiwa kibarazani, amekonda mfupa wa kifua unakata kama kisu, pete mguuni. Nikatafuta kwa namba mpaka nikampata mwenyewe. Akaniambia, dada, huyo mfanye utakavyo, aliyepotea hanifai tena. Hivyo pete mnaizungumzia sana kwa faida yenu, kwangu mimi ilikuwa ahadi kwamba kuna mtu anayewajibika.

Mwaka 1997 chama cha kifalme cha mbio za njiwa cha Uingereza kiliadhimisha miaka 100 kwa kuachilia njiwa wapatao 60,000 huko Nantes, Ufaransa, warudi kwao ng'ambo ya bahari. Maelfu kwa maelfu hawakufika. Mpaka leo watu wanabishana kama ni hali ya hewa au ni mngurumo wa ndege ya Concorde iliyopita njiani. Mimi nauliza la karibu zaidi. Mshindi mnampigia hesabu ya kasi, mita kwa dakika, hadi desimali. Waliopotea mnawahesabu wapi?

Na hao wa maonesho wenye midomo mifupi kiasi cha kushindwa kulisha makinda yao, nao ni ustawi?

Mkia wa Tausi

Dada, hilo la midomo limenigusa kwa sababu ni kweli. Zipo aina ambazo mayai yao tunayahamishia kwa wazazi wa kupanga, la sivyo kinda anakufa njaa huku mama yake amemsimamia. Nimewahi kuzifuga, nikaacha. Wapo waamuzi wanaozipa alama za juu na sitawatetea. Ujerumani sheria ya ulinzi wa wanyama inakataza kuzalisha mnyama kwa namna itakayomletea mateso ya maumbile, na naona hilo litatufikia sote. Afadhali chama kibadilishe vigezo vya waamuzi sasa. Ila tusilichanganye na chanjo, tutatoka hapa hatuna hata moja.

Kikapu cha Ijumaa

Kuhusu kuhesabu: saa za elektroniki tunazotumia zinasoma kila njiwa mwenye chipu anayeingia bandani, si wa kwanza tu. Takwimu za waliorudi zipo. Hatuzitangazi. Sababu mnaijua, na mimi sina jibu la kumpa dada.

Mweka Hazina

Kwa ufupi. Pete ndizo mapato makubwa ya chama. Ukinyima theluthi ya mabanda pete, umenyima chama theluthi ya mshahara wa huyo karani atakayekagua karatasi za chanjo. Mlifikirie hilo kabla ya kura.

Katibu Mstaafu

Nimesoma yote, na hoja ya siku saba za kinda imenishinda. Sikuwa na jibu lake, nimelitafuta tangu asubuhi.

Nitapendekeza ibadilishwe hivi. Pete ziuzwe kwa kila mwanachama. Mlango uwe kikapu cha mbio na meza ya maonesho: njiwa hapokelewi bila kadi ya banda yenye tarehe ya chanjo, angalau wiki tatu nyuma, na namba ya toleo iliyo kwenye chupa, isainiwe na aliyechoma. Sehemu ya fedha za pete irudi kwenye matawi inunue chupa na kumlipa mchanjaji wa kuzunguka, Banda Dogo achome 14 zake na 36 ziende kwa jirani mwenye banda. Atakayetoa taarifa ya ugonjwa mwenyewe, kabla hajagunduliwa, alama zake za msimu zibaki na ada yake isogezwe mwaka mmoja. Idadi ya waliorudi itangazwe pamoja na mshindi. Hili la mwisho najua litanikosanisha na marafiki.

Banda Dogo

Mzee, kadi sawa. Swali langu ni la Ijumaa usiku. Kikapu kimefika, kadi haina tarehe, na mwenye kikapu ni mwenyekiti. Nani anakirudisha?

Kikapu cha Ijumaa

Mimi niliwahi kukirudisha. Uchaguzi uliofuata sikupata hata kura ya aliyenipendekeza.

Katibu Mstaafu

Basi mpokeaji atoke tawi jingine, na apangwe kwa kura ya karatasi asubuhi ileile. Naliongeza kwenye hoja.