Ngosi kwa daladala: acheni kuwaficha watu zile kilomita 7

Wakuu, sasa imetosha. Kila kiangazi kikiingia zinaanza zile picha za Ziwa Ngosi, lile lililo ndani ya kreta (shimo la volkano) mkoani Mbeya, zimepigwa kutoka ukingoni, maji ya kijani, msitu umezunguka pande zote, na chini yake maelezo ya mstari mmoja: panda gari la Tukuyu, shuka Mchangani, tembea kidogo umefika. Hiyo "kidogo" ndiyo inayowaacha watu gizani. Kutoka lami ya Mchangani mpaka pale njia ya msituni inapoanzia ni kama kilomita 7 za barabara ya vumbi, na zinapanda. Mlima wenyewe haujaanza hapo. Mtu anayelijua hilo na akaacha kuliandika anadanganya, hata kama mengine yote aliyoandika ni kweli.

Upande wa pili wapo wanaotangaza kwamba bila gari la kukodi Ngosi hakufikiki. Huo nao ni uongo, na wengi wanaousema ndio wenye magari ya kukodisha. Kunafikika vizuri kabisa kwa nauli ya kawaida, ila kwa hesabu.

Kosta na haisi za Kiwira, Tukuyu na Kyela zinapakia stendi ya Nanenane, Uyole. Aliyelala Soweto au Mwanjelwa, mitaa ya Mbeya mjini, lazima kwanza apate daladala ya kumfikisha Uyole, na foleni ya malori ya Tunduma ikikaa vibaya, nusu saa imeshakwenda. Gari la Tukuyu halitoki kwa saa, linatoka likijaa. Likishatoka, kuikwea milima ya Poroto mpaka Mchangani weka saa nzima. Kwa miguu kutoka lami hadi mwanzo wa njia, saa moja na nusu kwa anayetembea vizuri. Kupanda msituni hadi ukingoni, saa moja na robo, wengine moja na nusu. Kurudi kunapungua kidogo tu, kwa sababu mteremko wa tope hauendwi mbio. Miguu peke yake ni saa 5.

Sasa mchukue mtu aliyetoka Uyole saa 5 asubuhi, maana ndiyo saa ambayo waandaaji wengi wa "safari za wikiendi" wanatoka, baada ya supu na kusubiriana. Ukingoni anafika karibu saa 9 alasiri. Nusu saa ya picha, anashuka, anaikanyaga lami saa 12 kasorobo jioni. Mwezi wa 6 jua kule linazama saa 12:30 hivi, na ndani ya msitu giza halingoji jua lizame. Hapo hajachelewa hata dakika moja, hajaumia, mvua haijanyesha. Akiongezeka mmoja tu wa kundi aliyeteguka kifundo, wote wanashuka na tochi za simu.

Na kufika lami siyo kufika nyumbani. Magari ya jioni kutoka Kyela na Tukuyu yanapita Mchangani yamesheheni, ndizi zimepangwa, watu wamesimama. Mmoja anaweza kubanwa mlangoni. Kundi la watu 8 dereva analipigia taa na kupita. Hili ndilo hakuna anayeliandika, na ndilo linalowafanya watu walipe bei ya kukomoana usiku.

Kwa hiyo: uwe ndani ya gari pale Nanenane saa 12:30 asubuhi. Ukingoni utafika kati ya saa 4 na saa 5, lami saa 8 mchana, na magari ya kurudi bado yana nafasi. Asubuhi ni bora pia kwa sababu mawingu yanayotoka upande wa Ziwa Nyasa huzidi kupanda kadiri mchana unavyopata joto, na yakishaingia kwenye kreta unasimama ukingoni mbele ya ukuta mweupe. Ziwa lina urefu wa kilomita 2 na nusu, na unaweza usilione hata kipande.

Ukipanda, mwambie konda "Mchangani, njia ya Ngosi". Ukisema "Ngosi" tupu kwa konda asiyeijua njia vizuri, anaitikia tu. Nauli mpatane kabla hujakaa, maana Mchangani ni kama nusu ya njia ya Tukuyu na wapo wanaotoza kama unafika mwisho. Ukiona mko Kiwira, umepitilizwa.

Bodaboda kwa zile kilomita 7 inaokoa kama saa 2 kwenda na kurudi. Kosa linalorudiwa kila siku ni kumlipa yote pale anapokushusha. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, lipa nusu, nusu nyingine mkirudi lami. Masika usiitegemee. Udongo wa kule ni wa volkano, ukilowa unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, dereva anashuka anachokonoa kwa kijiti, mnakwenda mita 50, mnasimama tena. Hapo miguu inakuwa na kasi kuliko pikipiki.

Kiingilio cha hifadhi na malipo ya mwongozaji ni vitu viwili, na wanaochanganya makusudi wapo. Kiingilio kina kontroo namba (namba ya malipo ya serikali) na risiti. Lipa ukiwa bado una mtandao. Noti uliyompa mtu mkononi bila risiti siyo kiingilio, na ukiulizwa mbele utalipa mara ya pili. Mwongozaji mpatane naye wazi: mpaka ukingoni, au mpaka majini? Ukingoni ndiko picha zote zinakopigwa. Majini ni kazi nyingine, ukuta wa mita 200 hivi unaoshukwa kwa kushika mizizi, na kuupanda tena ndiko kunakowamaliza watu. Kukiwa na unyevu, acha. Mwongozaji anayekubali kuwashusha watu wenye raba bapa siku ya mvua kwa kuongezewa hela hafai kupewa kundi lolote.

Kuhusu mguu, kwa sababu waandaaji hawalisemi: mizizi inayokatiza njia imesuguliwa na viatu mpaka inang'aa, na ikilowa inateleza kama sabuni. Kanyaga katikati ya mizizi, kwenye udongo, usikanyage juu yake. Viatu viwe na meno. Suruali ichomekwe ndani ya soksi, siafu wapo, na anayesimama kupumzika bila kuangalia chini ndiye wanayempanda. Beba lita 1 na nusu za maji kila mtu. Maji ya ziwa yana chumvi, usiyategemee kwa kunywa. Koti la mvua hata kiangazi, maana ukingo uko juu ya mita 2,000 na upepo wake unakausha jasho mpaka meno yanagongana.

Wapo hata wanaotangaza Ngosi na Mlima Rungwe siku moja. Rungwe una mita 2,960, ni siku nzima peke yake, unaanza alfajiri na mwongozaji anayeujua msitu. Ndiko anakoishi kipunji, kima aliyetangazwa kwa dunia mwaka 2005 tu. Anayekuuzia vyote viwili kwa siku moja hajapanda kimoja.

Na kama kundi lenu lina wazee au watoto, kuna Ziwa Masoko. Pandeni mpaka Tukuyu, kisha gari za Masoko, barabara inapita ubavuni mwa ziwa. Mbona hili halitangazwi? Kwa sababu hakuna wa kulipwa kwa kukuongoza.

Wenye kurasa za safari, rekebisheni maelezo yenu: andikeni kilomita 7, andikeni saa 12:30 asubuhi, andikeni kwamba jioni magari yanajaa. Na wadau wa Isongole na Mchangani, wekeni hapa bei ya boda ya wiki hii na hali ya barabara baada ya mvua, kila mmoja aandike na tarehe.