Ushauri wa haraka: mguu wa mdogo wangu, wakate au wapandikize nyama?

Msafiri_M: Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu kapata ajali ya pikipiki. Muundi umevunjika, nyama ya mbele imeondoka yote, mfupa uko nje. Kafungwa vyuma. Daktari mmoja anataka kuchukua msuli wa mgongoni auhamishie mguuni, mishipa ya damu iungwe kwa hadubini. Mwingine anasema kukata chini ya goti ndiyo njia fupi. Silali. Nishaurini.

Mama Wawili: Pole sana kaka. Pikipiki zinatumalizia watoto. Wangu alivunjika mkono tu, nikakonda. Ukimwambia avae helmeti, anakuona mshamba. Usiache kumwombea.

Kijana wa Zamani: Kata, maisha yaendelee. Binamu yangu ana mguu bandia na kazini anakwenda. Wamarekani walifuatilia majeruhi 569, wakatoa matokeo 2002: baada ya miaka 2 waliokatwa na waliookolewa mguu hawakupishana sana, ila waliookolewa walirudi kulazwa mara nyingi zaidi.

Nesi Mstaafu: Binamu yako si mgonjwa huyu. Mfupa uliovuliwa utando wake haushiki kipande cha ngozi, ndiyo maana unaletwa msuli wenye mishipa yake. Mishipa hiyo ina upana wa milimita 1 hadi 3 hivi, uzi wa kuungia ni mwembamba kuliko unywele. Damu ikigandia hapo, msuli unakufa, na hatari kubwa ni siku 2 au 3 za mwanzo. Kidonda kina muda gani? Ana kisukari? Anavuta sigara?

Msafiri_M: Wiki ya tatu. Kisukari hana.

Nesi Mstaafu: Na sigara?

Msafiri_M: Anavuta. Pakiti kwa siku, na mimi ndiye ninayempelekea. Asipovuta analia usiku kucha. Mtu mwenye maumivu yale nimnyime hata hicho? Tena nimeshakubali upandikizaji, nilitaka tu mnihakikishie atapona.

Mtu Baki: Kisa cha kutunga hiki. Wodi gani inaruhusu sigara? Na wiki ya tatu mfupa bado uko nje? Tangu 1986 inajulikana kwamba kufunika ndani ya saa 72 ndiko bora.

Msafiri_M: Nitunge ili nipate nini? Anavutia uani, kwenye kiti cha magurudumu. Hospitali ya kwanza haikuwa na hadubini, uhamisho ukachelewa. Sasa kidonda kina sponji yenye mpira unaonyonya majimaji kwa mashine.

Nesi Mstaafu: Namwamini. Hiyo ya 1986 ni kazi ya daktari mpasuaji Marko Godina wa Ljubljana, Slovenia, wagonjwa 532. Waliofunikwa ndani ya saa 72, msuli ulikufa kwa asilimia 0.75, waliongoja hadi miezi 3, asilimia 12. Maana yake wengi wa waliochelewa walifanikiwa pia. Lakini nikotini inabana mishipa ileile itakayoungwa. Daktari anajua kuhusu sigara?

Msafiri_M: Hajui. Nikimwambia ataahirisha, na mfupa unazidi kukaa wazi.

Nesi Mstaafu: Mwambie leo. Na maumivu yasemwe pia, apewe dawa za maana badala ya moshi.

Mama Wawili: Samahani kaka, yeye mwenyewe anataka nini?

Msafiri_M: Hatujamuuliza. Gharama ni zangu, na amechoka.

Nesi Mstaafu: Amechoka lakini ni mtu mzima. Kesho daktari aje kitandani ninyi wawili mkiwepo, aeleze njia zote mbili, na mwenye mguu ndiye ajibu. Pakiti ya leo usiipeleke.