Hivi "hela" ni neno la kikoloni, tuliache?

Mchokonozi: Wakuu, kuna mtu kanisahihisha mbele za watu eti nisiseme "hela", niseme "fedha", kisa neno katuachia Mjerumani. Tulizike kweli?

Kalamu Kavu: Lizikeni. Ni Heller hiyo. Mwaka 1904 Mjerumani aliigawa rupia yake kwa heller 100, kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64. Kaondoka, sisi tumebaki na jina lake mdomoni. Utumwa wa akili.

Bi Nongwa: Utumwa wa akili? Na wanao wanasoma wapi, si shule? Watoe basi, hiyo ni Schule.

Mpemba Halisi: Hayo ya huko kwenu bara. Sie twasema skuli. Mjerumani hakututawala.

Bi Nongwa: Kakutawala Mwingereza, ndo kakupa hiyo skuli! Unatamba na nini hapo?

Mpemba Halisi: Nani katamba? Bara mna jazba sana.

Bi Nongwa: Jazba nayo ni ya Kiarabu, irudishe.

Mjukuu wa Unyanyembe: Jamani, hela. Mwaka 1916 vita imepamba moto, sarafu haziji tena kutoka Ujerumani, wakazigonga hapa hapa Tabora, heller 5 na 20. Babu alikuwa na moja ya 20: ina taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani) na mwaka. Heller ilikuwa kisarafu cha chini, leo mtu anasema ana hela akimaanisha mamilioni. Neno limepanda cheo. Na Mjerumani mwenyewe kalitoa mji wa Hall.

Kalamu Kavu: Babu yako hahusiki. Fedha ndo Kiswahili.

Mzushi Mstaafu: Fedha ni Kiarabu. Pesa ni paisa ya Wahindi. Shilingi kaileta Mwingereza miaka ya 1920. Sasa Kalamu, mimi nikija kukudai utaniambia huna nini?

Kalamu Kavu: Mambo yetu ya pembeni unayaleta humu ya nini?

Mzushi Mstaafu: Mambo gani? Nimetoa mfano tu.

Bi Nongwa: Heee! Kumbe kuna deni!

Kalamu Kavu: Nilisema mwisho wa mwezi.

Mchokonozi: Mwisho wa mwezi upi?

Mpemba Halisi: Mlipe mwenzio, kwa neno lolote lile.