Sheria moja, watu wawili: ulimfikishiaje bosi? Tupeane uzoefu, Kigoma na Tabora

Binti wa Gungu (mleta mada)

Habari zenu ndugu zangu. Nafanya kazi kwenye duka la jumla hapa Mwanga, Kigoma mjini, huu ni mwaka wa tatu. Kuna jambo limenikaa kifuani na naamini siko peke yangu.

Tuna daftari la mahudhurio, lile kubwa la kaunta, na kalamu ya bluu imefungwa kwa uzi pembeni. Ukifika unaandika jina, saa na sahihi. Ikifika saa mbili na dakika tano msimamizi anapiga mstari mwekundu kwa rula. Jina lako likiwa chini ya mstari, mwisho wa mwezi unakatwa 3,000. Sina ugomvi na mstari. Mteja aliyetoka Uvinza na gari la alfajiri hapaswi kukuta kaunta tupu. Kinachoniuma ni kwamba kila asubuhi, kabla ya kuupiga ule mstari, msimamizi anaacha nafasi moja wazi juu yake. Ni ya mpwa wa bosi. Anaingia saa tatu, siku nyingine saa tatu na nusu, anaandika "1:55" kwenye ile nafasi, anasaini, anakaa.

Mwezi uliopita nilikatwa mara nne, 12,000. Mara ya nne nilifika saa mbili na dakika saba, nimelowa mvua, nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza msimamizi palepale, wateja wakisikia: "Na hiyo nafasi unamwachia nani?" Akaniambia nisimfundishe kazi. Tangu siku hiyo nimehamishiwa stoo, nahesabu ndoo za mafuta.

Sasa nataka kwenda kwa bosi mwenyewe. Mliowahi kwenda, nielezeni: mlianzaje, mliongozana na nani, na ikawaje baada ya hapo?

Muuguzi, Ujiji

Pole sana mdogo wangu. Yangu ilihusu ruhusa ya msiba, kwenye zahanati ya mtu binafsi.

Mama yangu mdogo alifariki huko Kasulu. Kwetu mnajua, mama mdogo ni mama. Huyu alinilea tangu darasa la pili, sare yangu ya shule alishona kwa mkono wake. Nikaomba siku nne. Nikajibiwa: "Siyo mzazi wako, sheria hairuhusu." Nikapewa siku moja. Nilifika watu wanarudi kutoka makaburini, majembe yana udongo mbichi, yameegemezwa kwenye mgomba. Sikulalamika kwa sababu niliamini kweli ndiyo sheria.

Miezi miwili baadaye mwenzetu wa mapokezi akafiwa na mke wa mjomba wake. Alipewa siku tano, na gari la zahanati likampeleka.

Nilikaa na uchungu wiki nzima. Nashukuru sikwenda ofisini siku ileile, maana ningemsema yule dada, na yeye hana kosa, amefiwa kama nilivyofiwa mimi. Nilianza kwa matroni, mama mtu mzima. "Shikamoo mama. Naomba unieleweshe, hapa kwetu ndugu anayehesabika ni yupi?" Hakuwa na jibu. Akasema twende wote kwa meneja. Kule nikauliza swali lilelile. Meneja akasema kila mtu anaangaliwa kwa hali yake. Nikamwambia, "Sawa baba, lakini mimi niliambiwa ni sheria. Ningejua ni huruma, ningeomba huruma." Akanyamaza, akawa anaikunjakunja kona ya karatasi iliyokuwa mezani.

Mwezi uliofuata ikabandikwa karatasi ukutani. Ndugu wanaotajwa na sheria, siku nne za malipo. Mama mdogo, baba mkubwa, shangazi au mjomba, siku mbili za malipo, zinazozidi zinatoka kwenye likizo yako. Mimi lile kaburi sikuliona likifukiwa na hakuna karatasi ya kunirudishia. Ila mwaka huu kijana wa maabara kafiwa na shangazi yake, kaondoka bila kumbembeleza mtu.

Kibarua, Kibirizi

Mimi napakia mizigo kwenye maboti. Kulikuwa na mwenzetu aliuliza kwa nini kundi moja linalipwa jioni ileile na sisi tunaambiwa njooni kesho. Aliuliza kwa adabu kabisa, nilikuwepo. Asubuhi yake jina lake halikuitwa. Kesho yake tena halikuitwa. Dada, kabla hujaenda, hesabu kwanza una akiba ya wiki ngapi.

Binti wa Gungu

Asante kaka, hapo ndipo pananinyima usingizi. Nina mtoto yuko chekechea.

Fundi, Isevya

Tabora hapa, karakana ya samani. Kwetu ilikuwa simu. Ukikutwa na simu karibu na mashine unarudishwa nyumbani siku hiyo bila posho, lakini vijana wa foromani walikuwa wanaangalia mpira msumeno unazunguka. Hilo ni suala la vidole vya watu. Tulikwenda watatu, tukamtanguliza mzee wetu wa kupiga randa aliyefanya kazi pale kabla bosi hajaoa. Bosi alitufukuza wote ofisini. Jioni akamwita mzee peke yake, wakaongea mpaka magharibi.

Siku iliyofuata lilikuja sanduku la mbao lenye kufuli. Simu zote ndani, ya foromani ikiwemo. Niwaambie ukweli, wapo wenzetu ambao hawajatusamehe, maana zamani na wao walikuwa wanachungulia simu zao kwa kujificha. Bosi alisawazisha kwa kubana wote. Mkienda kudai usawa mjue na hilo linaweza kutokea.

Msimamizi wa zamani, Tabora

Nimesoma yote, naomba niseme kutoka upande wa yule anayeshika rula. Nilisimamia ghala la mazao miaka sita.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto wa selimundu. Nilimruhusu kuondoka saa nane kila siku ya kliniki, na akaniomba nisimwambie mtu. Nikatunza siri. Wenzake wakaona tu kwamba fulani anatoka mapema na hakatwi. Maneno yakaanza, nami nikawa mkali, kwa sababu moyoni nilijua natenda wema.

Kijana mmoja akaja ofisini na daftari dogo la shule, kurasa arobaini. Ameandika tarehe, saa, na kilichotokea. Hakuna tusi, hakuna "unapendelea". Akaliweka mezani, akasema, "Mzee, naomba ulisome ukipata nafasi," akatoka. Nilikasirika mno, nikaona nimepelelezwa. Usiku nikalifungua. Mara kumi na moja nilizosamehe watu, mbili tu zilikuwa za yule mama. Tisa zilikuwa za vijana wawili ninaokunywa nao kahawa jioni. Haki ya Mungu sikuwa najua. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila sababu niliiona ya kweli siku ile. Kuziona zote kwenye ukurasa mmoja ndiko kulikonivunja.

Nilimwomba yule mama ruhusa, akawaeleza wenzake mwenyewe. Kuna aliyelia. Wale wa kahawa nikaanza kuwakata kama wengine, na mmoja hanisalimii hadi leo.

Kwa hiyo binti yangu, usiende na jina la mpwa. Nenda na tarehe.

Katibu wa tawi, Kigoma

Beba na haya pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kutamka tu. Makato yawe yameruhusiwa na sheria, au makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, au amri ya mahakama, au deni ulilokubali wewe kwa maandishi. Kwa hiyo hizo 3,000 ulizisaini wapi? Muulize kwa upole, lakini muulize.

Halafu Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42. Mtu akiachishwa kwa kuvunja kanuni ya kazini, kinachoangaliwa ni pamoja na kama kanuni ilikuwa wazi, kama aliijua, na kama mwajiri aliitumia kwa wote vilevile. Maana yake ile nafasi wazi kwenye daftari ni tatizo la bosi kuliko lako, na pengine hajui.

Yakiharibika ukaachishwa, una siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine siku 60. Nimeona wengi wakisubiri wazee wa ukoo waongee na bosi, siku zikawapita.

Binti wa Gungu

Nimerudi, ndugu zangu. Nilikwenda juzi Jumamosi baada ya kufunga hesabu. Bosi alikuwa anakunywa maji, nikamwamkia, nikasema, "Baba, naomba kuuliza kuhusu mstari mwekundu. Unamhusu nani?" Akasema unamhusu kila mtu. Nikamwomba aangalie daftari la mwezi mmoja tu.

Alifungua, akashusha kidole taratibu ukurasa baada ya ukurasa. Mimi nilikuwa nimehesabu siku 19 kati ya 24, lakini sikufika hata kuzitaja. Kumbe kuna kitu sikuwahi kukiona. Majina yetu wote yako kwa bluu, ile kalamu ya uzi. Juu ya mstari kila siku kuna jina moja kwa wino mweusi. Bosi akauliza, "Hii kalamu nyeusi ya nani?" Msimamizi akatazama chini. Mimi pia sikujibu. Akafunga daftari, akasema, "Nenda nyumbani, nimesikia."

Makato nilimuuliza wakati natoka. Alisema tutaongea mwisho wa mwezi.

Leo Jumatatu nafasi haikuachwa. Mpwa wake alifika saa tatu kasoro robo, akasimama na kalamu yake mkononi, akaandika chini ya mstari. Alipita stoo bila kunisalimia. Bado nahesabu ndoo.