Naomba ushauri: klabu ya kukimbia kwa wanaoanza, Sinza hadi Ubungo

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Natafuta klabu ya kukimbia maeneo ya Sinza, Mwenge au Ubungo, Dar es Salaam, inayopokea watu wanaoanza kabisa. Kwa sasa naweza kukimbia dakika 2 na kutembea dakika 1, kwa nusu saa. Kilomita moja inachukua kama dakika 8 hadi 9.

Nimejaribu vikundi vya jogging vya Jumapili asubuhi. Hamasa na nyimbo zipo, navipenda kweli. Shida ni kwamba kundi zima linafuata hatua za anayeimbisha. Ukianza kutembea unabaki peke yako kwenye lami, bodaboda zinakupita ubavuni. Klabu za upande wa Coco Beach nilizoziulizia zinasema "wote karibu", ila kasi ni dakika 6 kwa kilomita. Anayeanza akiilazimisha, ugoko ndio unaouma kwanza, maana pumzi huzoea mapema kuliko mifupa na kano.

Naomba kujua: klabu gani ina kundi la kukimbia na kutembea, lenye mtu maalumu anayebaki na wa mwisho? Siku, saa na mahali pa kukutania tafadhali. Kwa joto letu, saa 12 asubuhi ingefaa zaidi.

Na kama haipo, je, wiki 8 za mazoezi ya peke yangu, siku 3 kwa wiki, zinatosha kabla ya kurudi kwenye jogging?

Natanguliza shukrani.