Mlima Kenya na vijana 12: hawa watatu niwafanyeje?

mlezi_kasarani: Habari zenu. Vijana wangu ni wa miaka 16 hadi 18, tunapanda kupitia njia ya Sirimon baada ya wiki sita. Mazoezi ni msitu wa Karura kila Jumamosi. Mmoja hukimbia mbele na kuacha wenzake. Wa pili hataki kubeba vitu vya kikundi. Wa tatu amekosa mazoezi mara mbili, na mamake ameshalipa.

fundi_hema: Kwanza gawa hao 12 wawe sita sita, kila kundi na jiko lake. Hata Tuzo ya Rais (President's Award, mpango wa vijana wenye safari za kikundi) hutaka watu 4 hadi 7. Wakizidi, kuna watakaojificha nyuma ya wenzao sufuria zikioshwa.

Huyo wa mbio mweke mkiani na sanduku la huduma ya kwanza: hampiti mtu yeyote. Anayechoka upesi atembee wa pili, nyuma ya kiongozi, yeye ndiye apime mwendo. Ukimweka mwisho, kila akiwafikia wenzake wameshapumzika wanaondoka, yeye hapumziki kabisa.

Wa mizigo, usimgombeze kabla ya kupima begi. Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Mzigo wote usizidi robo ya uzito wa mwili: wa kilo 48 mwisho wake ni 12, maji yakiwemo (lita 2 ni kilo 2). Mwaga kila kitu kwenye turubai, toa jinzi na mikebe, ndipo ugawe hema: nguzo kwa huyu, kitambaa kwa yule. Tazama pia mkanda wa kiunoni. Begi la kuazima lisilo na mkanda huo huumiza mabega, na kijana hasemi, anakataa tu.

mama_wa_kambi: Huyo mtoro muulize faraghani kwanza: nauli, viatu, au pumu anayoficha? Kisha mpigie mamake simu, usiandike kwenye kundi la WhatsApp. Taja siku moja ya kutembea vilima vya Ngong hadi Kona Baridi na mzigo kamili. Asipokuja, haendi, na aambiwe leo ni pesa gani itarudishwa.

mlezi_kasarani: Akifaulu Ngong inatosha?

fundi_hema: Kwa miguu na tabia, ndiyo. Kwa hewa nyembamba ya juu, hapana: Ngong ni mita 2,460, lakini kambi za njia ya Sirimon ni Old Moses 3,300 na Shipton's 4,200. Lala Old Moses usiku mbili, miili izoee. Na yule wa mbio mwambie mapema kwamba akiumwa kichwa huko juu akuambie mara moja, asivumilie.